Baraza Lisilotoa Hukumu

Ushauri nasaha wa familia, yaani kazi ya kumsikiliza mtu au watu wa nyumba moja mpaka wao wenyewe waione njia ya kutoka katika shida yao, hutazamwa na wengi kama taaluma iliyokuja na vyeti na ofisi, ilhali Unyamwezi ilikuwa na wajuzi wa kazi hiyo kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikakata Ugogo hadi Tabora na kuishia Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, iliwaweka wapagazi wa Kinyamwezi mbali na kwao kwa miezi mingi, na aliyeugua au kufiwa safarini hakuwa na mjomba wala shangazi wa kumpokea. Katika mazingira hayo utani, yaani uhusiano wa jadi unaowaruhusu watu wa makabila mawili kutaniana bila kukasirikiana na kuwapa wajibu wa kusaidiana, ulipata nguvu mpya, na Wanyamwezi wakawa watani wa Wazaramo na wa wengine walioguswa na safari zile. Msibani mtani humwigiza marehemu, hudai ada yake, huwachekesha waliokuwa wakilia, kisha hushika zile kazi za maziko ambazo wafiwa hawana nguvu nazo. Asiyejua huona mzaha mtupu, lakini huo ni ustadi mkubwa, kwa kuwa mtani yu karibu kiasi cha kuingia ndani bila kubisha hodi, na yu mbali kiasi cha kutozama katika majonzi ya wenye nyumba.

Nafasi hiyo ya katikati ndiyo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliyowapa raia wa kawaida, pengine bila kukusudia kufuata nyayo za watani, ilipoagiza kila kata iwe na Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ambalo ni kikao cha mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano, na kwamba, isipokuwa kwa sababu maalumu, mgogoro upitie huko kabla ya mahakama kupokea ombi la talaka. Mawakili hawaruhusiwi kusimama mbele ya baraza hilo. Halina uwezo wa kuvunja ndoa, na likishindwa kupatanisha hutoa hati ya kuthibitisha kwamba limeshindwa. Udhaifu huo wa kisheria ndio uzuri wa kazi yenyewe, maana asiyeweza kuhukumu hana la kufanya ila kusikiliza, na wanandoa hawana sababu ya kumpambia maneno kama wafanyavyo mbele ya hakimu.

Ustadi huo hupimwa hasa katika familia zinazolima tumbaku Urambo, Kaliua au Sikonge, ambako malipo yanayopitia chama cha msingi cha ushirika huweza kuja kwa mkupuo baada ya kazi ya miezi, na ugomvi ukaja nayo. Mke akilalamika kwamba mume amezishika fedha zote, mjumbe mwepesi huuliza ziko wapi, lakini mjumbe mjuzi humwacha kwanza aseme nani alimwagilia vitalu vya miche, nani alichuma majani na nani alikesha kwenye bani la kukaushia, kwa sababu mara nyingi kinachouma ni jasho lisilotajwa zaidi ya fedha yenyewe, na mume akilisikia jasho hilo likitajwa mbele ya majirani, mazungumzo hubadilika.

Kazi hii ina mpaka wake, na ni lazima usemwe bila kuuma maneno: kipigo na ukatili dhidi ya mtoto si mambo ya kusuluhishwa, bali hupelekwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na kwa afisa ustawi wa jamii. Anayepatanisha katika mambo hayo ili tu amani ionekane amemrudisha aliyeumizwa mikononi mwa aliyemuumiza.

Wenye dhamana ya kata, tangu Tabora mjini hadi vijiji vya mwisho vya Kaliua, wawapatie wajumbe wa mabaraza mafunzo ya kutunza siri, na wawatengee chumba chenye mlango, ili mwenye shida asilazimike kuisema mbele ya foleni ya watu waliofuata barua za utambulisho.