Mbonyeo Uliotoka na Mbonyeo Uliofichwa

Ukitaka kujua kama mbonyeo wa gari umetolewa vizuri, usisimame mbele ya mlango ukaukodolea macho. Simama pembeni, gari likiwa kavu, inama mpaka jicho likaribie usawa wa bati, kisha tafuta mstari ulionyooka unaoakisiwa juu ya rangi: taa ndefu ya dukani, nondo za dirisha, ukingo wa paa la jirani. Tazama mstari huo huku ukitembea polepole. Mstari ukipita pale palipogongwa bila kutetereka, aliyefanya kazi ana mkono. Ukipinda, bati halijarudi. Ukitetemeka kwa vituo vidogovidogo, mtu alisukuma kwa pupa. Na muuzaji akikukaribisha gari likiwa bado linachuruzika maji ya kuoshea, mwambie utasubiri likauke. Maji huficha mawimbi, naye analijua hilo.

Bati la nje la gari dogo lina unene wa karibu milimita 0.7 tu. Likigongwa na toroli, katikati hubonyea na pembeni hujikunja tuta jembamba kuzunguka shimo, na tuta hilo ndilo linalolizuia shimo lisirudi. Hapo ndipo wengi wanaojaribu nyumbani wanapokwama na kizibulio chao cha sinki. Wanavuta katikati, shimo linapanda, wanashangilia. Tuta limebaki, na jioni taa ikiwaka inaonekana pete. Mjuzi huvuta kidogo, hugonga tuta taratibu kwa kipande butu cha plastiki, kisha huvuta tena. Kwangu pete ni alama ya haraka, hata kama shimo lenyewe halionekani.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: kilima. Nikilazimishwa kuchagua kati ya bonde dogo na kilima kidogo, nachukua bonde, kwa sababu bado linaweza kuinuliwa. Kilima kikigongwa mara kwa mara kirudi chini, bati hutanuka na kulegea. Libonyeze kwa dole gumba: likiingia na kutoka kwa mlio, halina tena nguvu ya kushika umbo lake.

Maji ya moto yana sifa kubwa kuliko uwezo wake. Ni dawa ya bampa ya plastiki, ambayo ikipata joto hulainika na kukumbuka umbo lake la awali. Chuma hakifanyi hivyo. Draya ya nywele ikifuatiwa na ubaridi mkali huweza kurudisha mbonyeo mpana usio na kina, lakini anayedai ametoa mkunjo mkali wa bati kwa njia hiyo, mwombe akuoneshe sumaku inasemaje.

Maana sumaku ndogo ya friji, iliyofungwa kitambaa chembamba, huumbua puti. Panapokuwa na puti nene huvuta kwa unyonge au hudondoka. Ila jaribu kwanza sehemu kadhaa za bati hilohilo, kwani boneti ya aluminiamu haishiki sumaku popote na utamsingizia mtu bure. Puti si dhambi. Pale rangi ilipopasuka, puti nyembamba juu ya bati lililokwisha kunyooshwa ni kazi halali. Ninachokikataa ni puti iliyojazwa badala ya kunyoosha. Katika miji yenye hewa ya chumvi kama Tanga au Mombasa, unyevu ukipata ufa humo, kutu hufanya kazi chini kwa chini hadi rangi itoke malengelenge.

Kwa mkono, weka kitambaa laini chini ya vidole na upapase kwa kiganja kizima, ukianzia bati zima, ukipita palipotengenezwa, ukatokea bati zima tena. Ncha ya kidole peke yake hudanganywa. Halafu rudia kwenye mlango wa upande wa pili, ambao haukuguswa, ndipo useme.

Thamani ya mbonyeo uliotolewa vizuri ni kwamba rangi ya kiwandani imebaki. Wakaguzi wa minada ya Japani, ambako magari yetu mengi hutoka, wanalielewa hilo: kwenye karatasi ya mnada, U ni mbonyeo na W ni mawimbi yaliyoachwa na ukarabati, namba ikipanda kadiri hali inavyozidi. Wanunuzi huku huikimbia U1 na kuikubali W2 bila kuuliza. Mimi ningefanya kinyume. U1 ni jeraha dogo lililo wazi, na bati lake pengine halijaguswa na mtu. W2 imeshapita mikononi mwa fundi. Kabla ya kulipia gari la namna hiyo, mwombe wakala picha ya upande huo iliyopigwa kwa mshazari, kivulini, gari likiwa kavu.