Nani Alikumba Maji?

Vitabu vya watu waliovuka bahari kwa tanga vina ugonjwa mmoja: machweo. Jua linazama ukurasa wa 12, linazama tena ukurasa wa 30, na hapo katikati huambiwi nani alipika, maji ya kunywa yalibaki kiasi gani, wala watu walijisaidia wapi. Nimevisoma hadi nimejiwekea kipimo changu. Nikifungua kimoja, natafuta pipa la maji. Lisipoonekana kufikia sura ya tatu, narudisha kitabu nilikokitoa.

Kipimo hiki nilikipata Kinoo, si Lamu. Ukikaa ghorofa ya nne mahali ambapo mfereji hutoa maji unapojisikia, unajua hesabu za mabaharia bila kuiona bahari: mtungi huu wa kupika, ule wa choo, na maji yaliyooshea vyombo hayamwagwi kwanza. Kwa hivyo usinipe shairi la upepo kabla hujaniambia mnakunywa nini.

Joshua Slocum anapita mtihani. Alizunguka dunia peke yake kati ya 1895 na 1898 ndani ya Spray, mashua isiyofika futi 37, na kitabu chake cha 1900 kina samaki wanaoruka na kudondoka sitahani usiku, asubuhi wanakuwa kiamshakinywa. Kina pia mbuzi aliyepewa kule St Helena, akaitafuna ramani yake ya Karibi. Raha tupu. Lakini mtu akiwa peke yake chomboni, swali gumu halipo, kila sufuria ni yake. Swali huanza mkiwa wawili.

Ndiyo sababu narudi kila mara kwa Sons of Sinbad cha Alan Villiers, kilichotoka 1940. Villiers, baharia wa Australia, alipanda Aden mwishoni mwa 1938 katika Bayan, jahazi la Kuwait la aina ile Waarabu waiitayo bum, chini ya nahodha Ali bin Nasser al-Nejdi. Wakashuka na kaskazi: pwani ya Hadhramaut, Somalia, Lamu, Mombasa, Zanzibar, hadi delta ya Rufiji, kisha kusi ikawarudisha Kuwait mwaka 1939 wakiwa wamesheheni boriti za mikoko. Wakati mwingine abiria walijaa sitaha hadi pa kukanyaga pakakosekana.

Hapa pipa la maji lipo. Jiko lipo pia, sanduku la moto palepale sitahani, na mpishi mmoja anayelisha kijiji kizima kinachoyumba. Kuna foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, na kila chombo kinapogeuzwa ni lazima uzungushwe mbele ya mlingoti kwa nguvu za mikono na nyimbo. Villiers alijua kamba, kwa hivyo anajua kazi inapouma. Na anaeleza kitu ambacho waandishi wa machweo hawakigusi kabisa: deni. Baharia ana deni kwa nahodha, nahodha ana deni kwa mfanyabiashara, na hakuna mshahara wa mwezi, ni mgao mwisho wa safari. Ndio maana kila mtu ana kasha lake la vitu vya kuuza bandarini. Ukimsoma vizuri utaona kwamba ule uhuru wa bahari unaouzwa kwenye majalada haukuwamo kabisa ndani ya Bayan. Sura za Rufiji, za matope, joto na kupakia boriti, kwangu ndizo bora kuliko zote, na hakuna hata mtu mmoja ndani yake anayefurahia mandhari.

Sasa, lawama. Villiers alipewa nafasi ya kulala na kuketi juu ya shetri, huko nyuma, karibu na nahodha. Kitabu chote kinatazama dunia kutoka hapo. Chini ya mbao hizo hizo, katika chumba kilichofungwa, walikaa wanawake abiria. Aliishi juu ya dari yao, na hawakumfungukia, wala hangeweza kuwaendea. Simlaumu kwa heshima hiyo. Ninachomlaumu ni kwamba anatosheka upesi. Wanawake wale walipika? Walioga vipi? Aliyekuwa na mtoto mchanga alifua nepi kwa maji gani? Mtu aliyeweza kueleza deni la Kuwait hadi senti ya mwisho angeweza angalau kuyaandika maswali hayo. Mwaka 2006 picha zake za safari ile zilichapishwa katika kitabu chake peke yake, na ni picha za ajabu: migongo, kamba, miguu iliyokwama kwenye mlingoti. Tatizo la shetri limo humo humo.

Wasomi nao wamekuja. A. H. J. Prins, Mholanzi, alitoa Sailing from Lamu mwaka 1965, kitabu kinene chenye istilahi ambazo ningetamani kila mwalimu wa Kiswahili awe nazo. Prins anakuambia chombo kimeundwaje. Lakini baharia mmoja akichoka, huko hutamwona. Tena ni Kiingereza, kama Villiers, kama The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor ya 2019. Angalau Owuor anamvusha msichana wa Pate bahari yote hadi China, naye yumo ndani ya hadithi, hajafungiwa chini yake. Ila hiyo ni meli ya injini.

Kwa Kiswahili je? Hapa ndipo nashika kichwa. Mwaka ule ule wa 1940, tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilichapishwa Johannesburg, na ndani yake vyombo ni vingi. Lakini Muyaka anatumia chombo kusemea mambo mengine, siasa, mapenzi, maadui, na sisi tumemfuata huko huko. Jahazi ni serikali. Usukani ni uongozi. Mtu ndani ya matatu ya Kinoo anaambia simu kwamba mambo yameenda mrama, na wala hajui mrama ni kule kuyumba kwa chombo mawimbini. Wanafunzi wanakariri kwamba ukienda tezi na omo marejeo ni ngamani, wanaandika maana yake kwenye mtihani, wanapata alama. Waulize ngama ni nini. Ni pale chini kabisa, maji yanapojikusanya, yanukayo samaki na mafuta, na lazima mtu ashuke kuyakumba, usiku na mchana, la sivyo mnazama. Lugha imetunza jina la mahali hapo. Aliyeshuka humo hatujamwandikia hata kurasa kumi.

Na bado unaweza kuandikwa, huo ndio uchungu wenyewe. Biashara ya majahazi ya msimu haikufa na Villiers. Kijana aliyeingia chomboni mwaka 1964 akiwa na miaka 14, kuchota maji na kuchochea moto wa mpishi, sasa amepita 75. Yuko Lamu, au Mji wa Kale Mombasa, au Zanzibar, au yuko Gulf kwa wanawe. Hatupungukiwi na riwaya za siri na mirathi, bana. Simu zetu zote zinarekodi sauti. Anayeenda Pwani Desemba hii na ananisoma, akimpata mzee wa aina hiyo asianze na dhoruba, maana dhoruba ameshasimulia mara mia. Amwamkie shikamoo, akae, aulize maji yaliwekwa wapi, yaligawiwa kwa kipimo gani, na siku yalipoanza kupungua nani aliambiwa asubiri.