Kabla Hujamlipa Fundi Rangi, Piga Magoti

Ukuta mpana haumsumbui fundi. Rola nzuri na mkono mwepesi vinatosha kuupendezesha. Ufundi wa rangi hujulikana chini, kwenye skatingi, na pembeni, kwenye mbao zinazozunguka fremu za milango na madirisha. Hapo mbao, plasta na sakafu hukutana, na kila kimoja kina tabia yake. Nyumba iliyomalizwa kupakwa rangi mimi huanza kuikagua kwa kupiga magoti, na ninakuomba nawe ufanye hivyo kabla hujatoa malipo ya mwisho.

Chukua tochi, ya simu inafaa kabisa. Usiimulike skatingi kwa mbele, maana mwanga wa mbele huficha kasoro. Laza tochi ukutani ili mwanga upite sambamba na ubao. Mikwaruzo ya msasa, mistari ya brashi na rangi iliyochuruzika ikakaukia njiani vyote vitatoa kivuli. Angalia pia misumari. Kichwa cha msumari kinatakiwa kizame ndani ya mbao milimita moja au mbili, tundu lizibwe kwa puti, lipigwe msasa, ndipo rangi ifuate. Puti hunywea inapokauka, kwa hiyo fundi makini huziba mara mbili. Ukiona vishimo vimejipanga ubao mzima, jua aliziba mara moja tu.

Sasa tazama mstari wa juu, pale ubao unapogusa ukuta. Hapa usiwe na haraka, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Hakuna plasta iliyonyooka kabisa, wala ubao usiopinda hata kidogo, hivyo upenyo lazima uwepo. La kuuliza ni umezibwa kwa kitu gani. Wengi hukimbilia silikoni ile ile ya bafuni. Silikoni ya kawaida haishiki rangi: rangi ya maji hujikusanya juu yake kama matone kwenye jani la mgimbi, na hata ya mafuta hubanduka baada ya muda. Wengine hupachika saruji nyeupe au puti ya ukutani, vitu vigumu visivyovutika. Mbao hufura ikipata unyevu na kunywea ikikauka, hasa kwa upana wake, na chochote kigumu kilichopachikwa kando yake kitapasuka. Ubao uliopigwa Tanga au Mombasa wakati wa masika utanywea kiangazi kikiingia. Paini ya Mufindi iliyouzwa mbichi na kupelekwa Dodoma kwenye ukavu ule itaachia ukuta mapema zaidi.

Kinachotakiwa ni silanti ya akriliki, ambayo hupakika rangi na huvutika kiasi ubao unapocheza. Utaitambua hata ikiwa imeshapakwa. Ibonyeze kwa ukucha: inabonyea kidogo, kisha inarudi. Mstari wake uwe mwembamba, wenye kibonde kidogo, uende bila kukatika toka pembe hadi pembe. Ukikuta mkanda mnene unaopanda ukutani, fundi amefunika ubao uliopinda badala ya kuunyoosha. Upenyo mpana hujazwa kwanza kwa kibanzi cha mbao, silanti ikamalizia. Na ukiona vijipasuko vyembamba juu ya mstari huo, huenda rangi iliwahishwa kabla silanti haijakauka vizuri. Ndani yake mna maji. Yanapotoka, silanti husinyaa na kuivuta rangi iliyo juu.

Pembe hazihitaji maneno mengi. Pembe ya nje hukatwa nyuzi 45 kila upande na kufungana pasipo puti ya kuokoa. Kwenye pembe ya ndani, fundi mzuri huchonga ncha ya ubao mmoja ifuate umbo la uso wa mwenzake. Ukiipata nyumba ya namna hiyo, uliza jina la seremala.

Rudi chini. Sisi hatufuti sakafu kwa kitambaa kikavu. Tunadeki, na maji hufika kwenye ukingo wa chini wa skatingi mara kwa mara. Ukingo huo usipopakwa, mbao hunyonya, rangi hufura na kuvimba malengelenge, na skatingi za MDF huvimba zisirudi tena. Laza kioo kidogo sakafuni, au chungulia pale ubao unapoishia kwenye mlango: je, unaona mbao tupu? Nyuma ya ubao pia panatakiwa praima, hasa kwenye ukuta mpya, kwa kuwa plasta ya saruji huhitaji takriban siku 28 za kukauka kabla ya kufungwa kwa rangi au mbao. Ukishapigiliwa ubao, huwezi kuona mgongo wake, kwa hiyo fika siku mbao zikiwa bado zimeegemezwa ukutani.

Kama skatingi ni ya paini na rangi ni nyeupe, tafuta macho ya mbao. Utomvu wake hupenya rangi na kutoa duara la hudhurungi baada ya miezi kadhaa, isipokuwa yamezibwa kwanza kwa sila ya shelaki. Rangi nyeupe ya mafuta nayo hugeuka manjano mahali pasipofikiwa na mwanga, kwa mfano nyuma ya kabati. Kwa weupe wa kudumu napendelea rangi ya maji ya akriliki.

Nyumba ya zamani ina jambo jingine, na hili halina mzaha. Rangi za mafuta za zamani nyingi zina risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Usikubali zipigwe msasa mkavu. Zipigwe msasa wa maji, watoto wakiwa mbali, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Kwa rangi mpya, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linapendekeza risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni. Uliza dukani kabla ya kununua.

Kipimo cha mwisho kingoje wiki moja, rangi iwe imekauka vizuri. Bandika tepu ya karatasi juu ya skatingi, isugue kwa kidole, kisha ivute kwa ghafla. Ikitoka na rangi, ubao haukusuguliwa au haukufutwa vumbi, na kazi irudiwe. Ikitoka safi, mlipe fundi siku zake zote za maandalizi bila kuvutana bei. Siku hizo huwa nyingi kuliko za kupaka, na ndizo wateja wengi hukataa kuzihesabu.