Majina Adimu ya Koo Zetu na Hukumu ya Kalamu

Tangu ilipoundwa wizara ya utamaduni wa taifa mwaka 1962, yameandikwa mengi juu ya ngoma, vinyago na methali zetu. Utungo mmoja, tena ulio mfupi kuliko yote, haujapata mhakiki: nao ni jina la mtu. Katika makala haya tunakusudia kuyapima yale majina ya ukoo yaliyo adimu, ambayo yakitajwa hadharani watu huangua kicheko.

Kwanza hatuna budi kueleza asili ya uadimu huo. Ziko jamii zenye majina ya koo yaliyoenea, kama vile Mushi na Massawe kwa Wachaga. Lakini kwa jamii zetu nyingi, hasa za pwani, mtoto hufuatiwa na jina la babaye, kisha la babuye. Basi hilo linaloandikwa kuwa ni la ukoo, aghalabu ni jina la babu mmoja, lililotungwa siku moja kwa ajili ya tukio moja. Ndiyo maana tunawakuta akina Mashaka, Masumbuko, Tabu na Sijaona. Kila moja ni habari iliyofupishwa.

Mfano ulio bora tunao mbele ya macho yetu. Baba yake Mwalimu, mtemi wa Wazanaki, alizaliwa yapata mwaka 1860, wakati viwavi walipoivamia nchi. Akaitwa Nyerere, maana yake kiwavi. Laiti karani angaliona kwamba kiwavi hakimfai mtemi, akaliweka jina jingine lenye heshima, tungalipoteza kumbukumbu ya baa lile, na taifa lingalikosa jina lake lililo mashuhuri kupita yote.

Kalamu ya karani, kwa hakika, imekuwa mhakiki mkali kuliko wote. Serikali ya Kijerumani ilipoanzisha kodi ya nyumba mwaka 1897, watu walianza kutiwa vitabuni na wageni wasioyajua matamshi yao. Majina yakakatwa; Mkwavinyika wa Wahehe anajulikana leo kwa jina fupi la Mkwawa. Hata hivyo tusiwabebeshe wageni lawama yote, kwani makosa hayo tumeyaendeleza wenyewe.

Tukiri la kwetu. Tulipokuwa makarani vijana katika ofisi moja ya wilaya, alifika mzee mmoja ambaye jina lake la tatu lilikuwa Mtumwa. Tuliona haya kuliandika katika nchi iliyo huru. Tukaliacha, tukidhani tumemtendea wema. Miaka ilipita, mzee akafariki, na wanawe wakarudi na hati ya shamba ambayo majina yake hayakulingana na yale ya cheti chetu. Iliwapasa wale viapo na kuwatafuta mashahidi, ilhali waliomjua babu yao walikuwa wamekwisha kufa. Hapo ndipo tulipoelezwa kwamba mama wa babu huyo alikuwa amezika watoto watatu. Wa nne akampa jina dhalili ili mauti yampuuze na kupita. Jina lile lilikuwa ngao, nasi tuliifuta.

Huenda msomaji akapinga, akisema kwamba jina hilo lina kovu la kweli. Hatukatai. Utumwa ulikomeshwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, na ziko koo zilizorithi majina ya fedheha wasiyoyachagua. Mwenye jina la namna hiyo ana haki ya kulivua. Tunalolikataa ni mtu mwingine kumvua pasipo kumwuliza. Jina moja laweza kuwa jeraha katika nyumba hii na dawa katika nyumba ya jirani. Mwenye kuujua ukweli ni mwenye nyumba.

Watunzi wenzetu nao hawana budi kujisahihisha. Katika michezo mingi ya kuigiza, mjinga hupewa jina la kijijini lililo zito kutamkika, na mwerevu hupewa jina laini la mjini. Kichekesho cha namna hiyo ni rahisi mno, tena humfundisha mtoto kumwonea haya babu yake.

Tunashauri mambo mawili. Karani aandike jina kama lilivyotamkwa na mwenyewe, kisha amsomee alisikie. Na mwalimu awatume wanafunzi nyumbani wakaulize sababu ya jina la babu, maana kizazi cha nne kikifika, jina lisiloandikwa hutoweka pamoja na habari yake.

Jina la babu si nguo, ya kuvuliwa njiani,
Ni ufunguo wa chuo, kilichofungwa zamani,
La ukoo ufunuo, lisomwe kwa umakini,
Tusilifute karani, la mzazi tulilinde.