Nyundo ya Fundi Springi

Mtu anayetafuta gari la kufanyia kazi Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, kama analijua gari, haanzi kwenye boneti. Huzunguka nyuma, huchuchumaa, hutazama uvunguni. Habari za usajili wa namba D au namba E, rangi, redio na viti atazirudia baadaye. Kwanza anataka kuziona springi: kama gari tupu limelalia upande mmoja, kama majani ya springi yamepakwa rangi jana ili kuficha mambo, kama kuna mstari mwembamba wa vumbi jekundu la kutu unaotoka kati ya jani na jani, dalili kwamba vyuma vinasuguana kwa sababu bolti zimelegea. Anapitisha kidole kwenye masikio ya springi kutafuta bushi zilizolika. Muuzaji akianza kuapa kwamba gari limetunzwa, yeye bado amechuchumaa.

Uangalifu huo umefundishwa na ardhi yenyewe. Mji wa Sumbawanga umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, kiasi cha meta 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko mashariki, karibu meta 1,000 chini ya mji. Ziwa Tanganyika liko magharibi, nalo liko chini kiasi hichohicho. Ukitoka Ntendo kwenda Muze unashuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Ukishika njia ya Matai kwenda bandari ya Kasanga unashuka, na ukipita Namanyere kwenda Kipili au Kirando unashuka vilevile. Kisha mzigo unarudi na wewe kupanda. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilometa 220, iliyotokana na mkataba wa Changamoto za Milenia ambao Tanzania na Marekani zilitia saini mwaka 2008, imepunguza machungu mengi, na wanaokumbuka safari za kabla yake wanaishukuru kila masika. Lakini mahindi hayaoti kando ya lami. Mpunga wa bonde la Rukwa, migebuka ya Tanganyika, maharage ya vijiji vya ndani, vyote huanza safari kwenye barabara ya udongo, yenye mawimbi wakati wa kiangazi na matope kuanzia Novemba hadi Aprili. Kila shimo la barabara hiyo linapokelewa na springi kabla halijamfikia dereva.

Ndiyo maana, katika mafundi wote wa gereji, mimi namweka mbele fundi springi. Fundi injini ana heshima yake, na fundi umeme siku hizi ana kompyuta ya kusoma hitilafu. Fundi springi ana nyundo, jiliwa, chaki, kipande cha uzi na masikio. Watu wengi humwona mtu wa kutumia nguvu tu. Kaa naye asubuhi nzima uone.

Gereji ninayoijua mimi mjini Sumbawanga haina hata ukuta wa mbele. Fundi wake ni mtu wa makamo anayezungumza kwa sauti ya chini kiasi kwamba wasaidizi wake hulazimika kunyamaza ili wamsikie. Lori la Kanta likiingia, hunyanyuliwa kwa jeki na chesisi ikawekewa magogo, kwa sababu hakuna anayelala chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Yubolti zinafunguliwa, pini za shako zinatolewa, na springi nzima inashushwa chini kwa mikono miwili, nzito na yenye grisi iliyoganda na vumbi. Kabla ya kuigusa senta bolti, fundi anaifunga springi kwenye jiliwa. Majani yamebanwa yakiwa na nguvu ndani yake, na bolti ikiachiwa ghafla yanaruka. Hapo ndipo mwanafunzi hujifunza adabu yake ya kwanza.

Yakishatengana, anayapanga chini kwa mpangilio wake, refu hadi fupi, na kuyasugua kwa brashi ya waya. Kisha anachukua jani mojamoja, analining'iniza kwa vidole viwili na kuligonga taratibu kwa nyundo ndogo. Jani zima hulia na mlio ukadumu. Jani lenye ufa hutoa sauti butu na kunyamaza mara moja, hata kama ufa wenyewe haujaonekana kwa macho. Mara nyingi ufa huo uko kwenye tundu la senta bolti, kwa kuwa hapo chuma kimetobolewa na ndipo penye udhaifu. Nimemwona akiweka pembeni jani ambalo mimi ningeapa kwamba ni zima. Alilifuta kwa kitambaa chenye dizeli, akasubiri, na baada ya muda mstari mwembamba wa unyevu ukabaki palepale alipokuwa amepaonyesha kwa kidole.

Kazi yenyewe ya kurudisha mbinuko inaanza kwa chaki. Anapiga mistari ya karibukaribu toka katikati ya jani hadi mwisho wake. Jani linalazwa juu ya kipande kizito cha chuma chenye nafasi katikati, tumbo likiwa chini, msaidizi akishika ncha moja. Nyundo kubwa inashuka kwenye mstari wa kwanza, jani linasogezwa, inashuka kwenye wa pili. Hakuna pigo lililo kubwa kuliko jingine. Mtu mgeni anaweza kutazama mapigo kumi bila kuona kilichobadilika. Anafika mwisho, anageuza upande, anaanza tena kutoka katikati. Kisha anavuta uzi kutoka sikio hadi sikio na kupima kina cha mbinuko katikati, analinganisha na jani la upande wa pili wa gari, na kurudi kwenye nyundo kwa mapigo machache zaidi. Kushoto na kulia zisipofanana, gari litavuta upande mmoja na tairi zitalika vibaya, na mwenye gari atahangaika na wili alainimenti ambayo haina kosa.

Yote hayo anayafanya chuma kikiwa baridi, na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Kiwandani, chuma cha springi kilichochanganywa na silikoni, manganizi au kromiamu hupashwa hadi zaidi ya nyuzijoto 800, kikazimwa kwenye mafuta, halafu kikapashwa tena kwa moto mdogo, takriban nyuzi 400 hadi 500, ili kipate ugumu unaopinda na kurudi. Atakayekichoma tena kwa moto wa gesi hadi kiwe chekundu atakikunja kwa urahisi ndani ya dakika chache, na mteja ataondoka amefurahi. Lakini ule ugumu umekwisha kutoka. Kikiachwa kipoe chenyewe kinakuwa laini, na gari litalala tena kabla ya mavuno kwisha. Kikimwagiwa maji kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika, nacho kitakatika mlimani. Kuchomelea jani lililokatika ni kosa la aina hiyohiyo: litaachia kando ya pale lilipochomelewa.

Kuna jambo jingine ambalo nililiona baada ya kutazama kwa muda mrefu. Majani hayakunjwi sawasawa. Jani fupi hupewa mbinuko mkubwa kidogo kuliko lile refu lililo juu yake, kwa hiyo ukiyapanga bila kuyabana unaona mwanya mwembamba kati yao pale katikati. Senta bolti ikikazwa, mwanya unafungika na majani yanakumbatiana hadi nchani. Mwanya ukiwa mkubwa mno, majani mafupi yanalemewa kabla gari halijapakia kitu. Usipokuwepo kabisa, majani yanapiga kelele na kufanya kazi kila moja kivyake. Fundi huyu anaupima kwa jicho na kwa ukucha wa kidole gumba. Nimemwona akifungua springi ambayo ilikuwa imekwisha fungwa kwa sababu ya mwanya huo tu, huku mteja akitazama saa.

Siku moja aliingia dereva kijana.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Linasemaje?"

"Limelala. Naomba uniongezee jani moja kila upande."

"Unabeba nini?"

"Mpunga, kutoka Muze."

Akamuuliza magunia mangapi. Kijana akataja. Fundi akakaa kimya, akachungulia magurudumu ya nyuma, halafu akasema, "Nikikuongezea jani, utaongeza gunia. Breki nani atakuongezea?"

Hakumwongezea. Alimrudishia mbinuko wake wa awali, akamwekea bushi mpya, akamwambia abebe kiasi kilichoandikwa kwenye kadi ya gari. Kijana alinung'unika, lakini alimnung'unikia mtu asiye na kosa. Jani la ziada linanyanyua bodi na kumdanganya macho askari na mwenye mali, huku uzito wenyewe ukienda kwenye beringi, tairi, ekseli na breki zilezile. Kwenye mteremko wa kilometa moja kwenda chini, breki zinageuza nguvu ya uzito huo wote kuwa joto. Maji ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 hivi, lakini yakizeeka na kunyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka, mvuke unajaa kwenye mipira, na pedali inazama hadi chini. Dereva mzuri hushuka kwa gia ambayo angetumia kupanda, akaiacha injini ishike gari. Dereva aliyezidisha mzigo anaweza kufanya hivyohivyo na bado isitoshe. Fundi aliyemkatalia jani alikuwa anayajua haya yote.

Chuma si kigeni Ufipa. Kabla ya majembe ya viwandani kutoka ng'ambo kuufuta ufundi huo wakati wa ukoloni, Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma kwenye malungu, tanuri za udongo zilizozidi kimo cha mtu, zenye matundu ya hewa kuzunguka chini, zilizovuta upepo zenyewe bila mivukuto. Kilichotoka humo kilisafishwa mara ya pili kwenye tanuri ndogo ya mivukuto kabla ya kufika kwa mhunzi. Padre Wyckaert wa White Fathers aliandika juu ya wahunzi hao mwaka 1914. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda, katika utafiti wa uzamivu aliouhitimisha mwaka 1995, alitofautisha teknolojia tatu za chuma za eneo hili: katukutu, ambayo ni ya zamani zaidi na ya mwambao wa Tanganyika, malungu, na ile ya Barongo iliyokuja na watu wa kutoka kaskazini. Sidai kwamba fundi springi wa leo amerithi kazi hiyo kwa damu. Ninachosema ni kwamba mtu anayekijua chuma kwa rangi, sauti na uzito wa mkono, bila kipimo cha dukani, amekuwepo kwenye uwanda huu kwa muda mrefu, na ingefaa tumtambue tunapomwona.

Mnyororo wa chuma hapa haujakatika. Jani lililokatika halitupwi. Linakwenda kwa mhunzi, ambaye hulitaka kwa kuwa chuma cha springi hushika makali, naye hulifanya panga, kisu au mundu. Ekseli ya gari lililokufa inaishia chini ya mkokoteni wa ng'ombe, ikiendelea kubeba mahindi yaleyale kutoka shamba hadi barabarani.

Watu huuliza kama springi ya mtumba inafaa. Inafaa, ikiwa masikio hayajapanuka na jani halina ufa, na ikiwa unanunua jozi kutoka gari moja. Usifunge mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili. Huuliza pia kama majani yapakwe grisi. Kwenye bushi na pini za shako zenye nipo, ndiyo, mara kwa mara. Kati ya majani, grisi inakamata mchanga, na kwenye vumbi la njia zetu mchanga huo hula chuma. Brashi ya waya na uangalizi vinatosha. Na vile vibano vya pembeni vinavyoshika majani yasitawanyike, vikikatika virudishwe siku hiyohiyo. Bila hivyo, gari likiruka shimo, jani la juu linabeba mshtuko wa kurudi peke yake.

Mwisho nina ombi moja kwa mwenye gari. Springi ikishafunguliwa na kufungwa upya, majani hujikalia kwenye kilometa mia chache za kwanza na nati za yubolti hulegea. Kwa ekseli, kazi ya senta bolti ni kuonyesha mahali pake tu. Yubolti ndizo zinazoishika. Zikilegea, senta bolti inakatika, ekseli inasogea, na jani linapasuka kwenye tundu lake. Kwa hiyo, baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, rudi kwa fundi wako akaze yubolti zote nne za nyuma. Ni kazi ya robo saa. Usimlaumu kwa springi iliyovunjika kama hukurudi.