"Tuchukulie": Irabu Moja katika Muhadhara wa Hisabati

Muhadhara wa hisabati una neno lake la kufungulia, kama ngano ilivyo na "hapo zamani za kale". Neno lenyewe ni "tuchukulie". Wahadhiri wetu wengi hulisema kwa Kiingereza, lakini ukilihamishia Kiswahili unaona limebebwa na irabu ya mwisho, "e", ile ya kutaka na kudhania. Nikienda kwenye semina, iwe Lodwar au Nairobi, huifuata irabu hiyo kama mfugaji anavyofuata nyayo za ngamia aliyepotea: imeingilia wapi, imetokea wapi?

Hisabati safi haina haya na irabu yake. Chukua uthibitisho wa Euclid kwamba namba tasa hazina mwisho, jinsi unavyofundishwa ubaoni. Mhadhiri anaanza: tuchukulie zina mwisho, na hizi hapa zote. Anazizidisha, anaongeza moja. Jibu hilo ukiligawanya kwa yoyote kati yake, moja inabaki. Basi ipo nyingine tasa iliyoachwa nje, na orodha iliyodaiwa kukamilika haikukamilika. Hapa "tuchukulie" ni mbuzi wa karamu: kaletwa ili achinjwe mbele ya wageni. Hata pale dhana inapoachwa hai, imeandikwa ndani ya kauli yenyewe, ikiwa hivi basi vile, na haitoki ubaoni mpaka kifutio kipite.

Hisabati tumizi hujengwa vingine. Mtindo uliozoeleka sana kwetu ni modeli ya ugonjwa. Ukishasikia mihadhara mitatu, wa nne unaukariri. Slaidi ya kwanza ni ramani, ya pili takwimu. Ya tatu ina visanduku vitatu vilivyounganishwa kwa mishale: walio hatarini, wagonjwa, waliopona. Hufuata milinganyo, kisha R sifuri, yaani idadi ya watu ambao mgonjwa mmoja atawaambukiza penye jamii isiyo na kinga: ikizidi 1 ugonjwa unaenea, ikiwa chini ya 1 unazimika. Mwisho ni grafu za rangi na mapendekezo kwa serikali ya kaunti.

Sasa soma vitenzi peke yake. Slaidi ya kwanza: "Turkana ni kaunti kame." Ya tatu: "Tuchukulie idadi ya watu haibadiliki." Ya mwisho: "Kaunti inapaswa." Tumeanza na yaliyopo, tukapita katika ya kudhaniwa, tukatokea upande wa pili tukitoa amri. Ile "e" iliingia na kuondoka bila kuaga, na ubishi wote ulikuwa juu ya milinganyo, mahali ambapo kosa ni nadra.

Visanduku hivyo vina kwao. Kermack na McKendrick walipochapisha modeli yao mwaka 1927, waliipima kwa vifo vya tauni vya 1905 na 1906 katika kisiwa cha Bombay. Kisiwa kinaweza kuivumilia dhana ya watu wasioongezeka wala kupungua, angalau kwa miezi michache. Ipeleke sasa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kilomita 120 hivi kutoka Lodwar. Kambi hiyo ilianzishwa 1992 kwa ajili ya watu wanaofika, na kipindupindu kilizuka humo mwaka 2005. Jirani yake, Lopur, malisho yakiisha kaya hufuata mifugo. Katika sehemu kama hizi dhana ya idadi isiyobadilika ni deni, na dawa ya deni ni kulipa.

Turkana inao mfano wa deni la namna hii, ingawa haukutoka kwa wanahisabati. Mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins waliandika katika jarida la Science kwamba nguzo 19 za mawe karibu na Kalokol zilipangwa kuelekea nyota za kalenda ya Waborana. Hesabu za pembe zilipendeza. Mwaka 1982 mtafiti mwingine, Robert Soper, alizipima upya, akaonya kwamba mawe yenyewe, ya basalti, yana sumaku inayoivuta dira. Hakuna aliyekuwa ametamka "tuchukulie dira inasema kweli"; dhana ilikuwa imekaa mfukoni pamoja na dira. Hoja ya nyota haikufa palepale, lakini tangu hapo haikuweza kusimuliwa bila kutaja sumaku.

Ndiyo maana nausoma muda wa maswali kama sehemu ya umbo la muhadhara. Kwa kawaida wa kwanza kusimama hutangaza kwamba hana swali, ana mchango, na mchango huo hula dakika tano. Lakini siku moja mwanafunzi aliyeketi karibu na mlango aliinua mkono, akauliza kwa Kiswahili: "Mwalimu, waliofika kambini Jumatatu wako kisanduku gani?"

Ukumbi ulicheka. Mhadhiri hakucheka. Aliacha projekta, akachukua chaki, akachora visanduku vyake upya ubaoni, kisha mshale mmoja kutoka patupu kuelekea kisanduku cha kwanza. Akaweka herufi juu yake, akageuka. "Sawa," akasema. "Tuchukulie wote ni wazima."

Mkono wa yule mwanafunzi ulikuwa juu tena.