Kura Kabla ya Kura

Mwaka 2011 jimbo la Illinois, Marekani, lilipitisha sheria iliyowabana walimu wa Chicago: wasigome mpaka asilimia 75 ya wanachama wote wa chama chao waridhie. Wote, si wale tu watakaojitokeza kupiga kura. Aliyeugua siku hiyo, au aliyesahau, angehesabiwa kuwa amekataa. Mmoja wa walioipigania sheria hiyo alijigamba hadharani kwamba kiwango hicho hakingefikiwa.

Walimu walikuwa wameshaanza kujipanga. Karen Lewis, mwalimu wa kemia, alichaguliwa mwaka 2010 kuongoza Chama cha Walimu cha Chicago. Yeye na wenzake waliunda mashuleni kamati za kupigania mkataba mpya wa kazi, na kila mwanakamati akakabidhiwa walimu kumi hivi wa kuwapasha habari na kuwasikiliza.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Mhamasishaji hodari hahutubii, anauliza. Darasani kwako mna watoto wangapi? Vitabu vilifika lini? Kisha ananyamaza, asikie. Lalamiko la mwalimu mmoja likikutana na la jirani yake, linakuwa dai la kupelekwa kwenye meza ya mazungumzo na mwajiri. Baada ya kusikiliza, huomba jambo dogo: Ijumaa vaa fulana nyekundu. Aliyevaa huombwa kubwa zaidi. Asiyevaa hasutwi, hufuatwa tena, aulizwe kinachomzuia.

Mwezi Mei 2012 wakafanya kura ya majaribio, shule kwa shule. Haikuwa na nguvu ya kisheria, lakini ilionyesha ni wapi watu wamesimama imara na ni wapi bado wanasitasita, na huko ndiko wahamasishaji walikorudi. Juni ikaja kura yenyewe: karibu asilimia 90 ya wanachama wote waliunga mkono mgomo.

Mgomo ulianza Septemba 10, wa kwanza baada ya miaka 25. Wiki moja haikupita, rasimu ya makubaliano ikapatikana. Viongozi wangeweza kutangaza ushindi jioni hiyohiyo. Lakini Jumapili, Septemba 16, wajumbe wa shule walikataa kuusitisha mgomo kabla wanachama hawajaisoma rasimu. Walimu wakaketi kando ya barabara, mbele ya shule zao, wakaipitia kifungu kwa kifungu huku wakibishana. Jumanne wajumbe walipiga kura ya kurudi kazini.

Siku mbili hizo zinastahili sifa kuliko maandamano yote yaliyotangulia. Watu walioulizwa maoni yao tangu mwanzo hawakukubali kuletewa mwisho uliokwisha kuandikwa, na viongozi wao waliwapisha.

Oktoba, asilimia 79 ya waliopiga kura waliuidhinisha mkataba. Mpango wa kuwalipa walimu kwa kupima ufanisi wa kila mmoja uliwekwa kando, na vitabu vya wanafunzi, vile vilivyouliziwa na wahamasishaji, vikapata kifungu chake: viwepo siku ya kwanza ya masomo.